Moyo, Fungu la Mjomba

Vijana ninaowafundisha upasuaji wa moyo siku hizi wana moyo wa mpira wa kujifunzia. Umetengenezwa ng'ambo, una vyumba vyake vyote na mishipa ya rangi mbili, na ukikosea kuushona unafumua, unaanza upya, nao haukuambii kitu. Siuchukii. Ila kila nikiuona mezani, msafi, hauna hata harufu, namkumbuka mjomba wangu akivuta uzi wa nailoni kutoka katikati ya meno yake mbele ya wakwe na wazee wote wa ukoo. Vijana wakiniuliza nilijifunzia wapi kazi hii, huwa nawajibu kwamba nilijifunzia Mhezi, milimani Upare. Wanacheka wakidhani nawatania.

Ilikuwa miaka ile ambayo dhiki haijaondoka na biashara huria imeshaingia, kwa hiyo tulikuwa nazo zote mbili. Madukani Hedaru, tambarare chini ya milima yetu, ulikuta redio za kaseti, mitumba na sabuni za kunukia za kila rangi. Hospitalini mgonjwa aliambiwa aje na glovu zake na nyuzi zake. Mimi nilianza udaktari Same mjini. Huko nilizoea kuona glovu zimefuliwa na kuanikwa kwenye kamba kama soksi, zikipepea na upepo wa Same usiojua kupumzika. Tulizipaka poda tukazivaa tena. Sikuona aibu wakati ule, na sioni sasa. Tulifanya kazi na watu walipona.

Kutoka Same nikachaguliwa kwenda kusomea upasuaji Dar es Salaam, na huko mimi na wenzangu wawili, wanaume wote, tukawekwa chini ya mwalimu mmoja aliyekuwa akipasua moyo. Ile mashine inayofanya kazi badala ya moyo wakati wewe unaushona hatukuwa nayo. Wagonjwa wengi walisubiri kupelekwa India, na wako waliofia kwenye kusubiri huko. Lakini ilikuwapo operesheni moja ya zamani ambayo haikudai mashine yoyote, na mwalimu wetu aliijua.

Kuna maradhi yanayoanza utotoni kwa koo kuuma. Yakipuuzwa, miaka ikipita, yanakuja kuziba mlango mmoja ndani ya moyo. Midomo ya mlango inagandana, damu inarudi nyuma mapafuni, na msichana mbichi kabisa anahema kama bibi kizee kwa kutoka kitandani tu. Basi unafungua ubavu, moyo ukiwa unadunda. Juu ya moyo kuna kipande kidogo kinachoning'inia, sisi tunakiita sikio. Hapo unazungusha mshono wa duara, kama ule uzi unaopita kwenye mdomo wa mfuko ili ukiuvuta mfuko ujifunge. Unatoboa katikati ya duara, unaingiza kidole, msaidizi anauvuta uzi kidogo ili damu isipite pembeni ya kidole. Kidole kinautafuta mlango uliogandana, kinausukuma, unafunguka. Unatoa kidole, unakaza uzi, unafunga fundo. Kuieleza ni rahisi.

Mwalimu alikuwa karibu kustaafu. Siku moja alituita watatu akatuambia, "Kabla sijaondoka, mmoja wenu ataingiza kidole. Mmoja tu. Afadhali nimwache mmoja anayejua kuliko watatu wanaojua nusunusu. Atakayenishonea sikio lisilovuja na lisilochanika, ndiye."

Halafu akanigeukia mimi, mbele ya wenzangu. "Wewe binti wa Kipare, unakaza kama unafunga mzigo wa kuni."

Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao kwa meno tu. Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Nimekulia kwenye miteremko, na huko mzigo wa kuni usipoukaza hadi kamba ilie, utauokota bondeni. Mikono yangu ilijua kukaza kabla haijajua kuandika. Lakini nyama ya sikio la moyo ni nyembamba, ukikaza kwa raha zako inachanika, na pale kwenye mtu hai mchaniko huo ni kifo. Mioyo ya mbuzi ambayo mwalimu alituletea kutoka machinjioni ilikuwa michache, na yangu yote ilichanika. Nilikitaka kidole kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Niliogopa kwamba nitarudishwa kwetu kushona vidonda na ngiri, si kwamba ni kazi mbaya, ila nilikuwa nimeshauona moyo ukidunda, na ukishauona hutaki kugeuka.

Nikiwa katika hali hiyo, ukaja ujumbe kwamba mdogo wangu anaposwa, nami niombe likizo niende nyumbani. Nikaomba. Kwenye begi nilitia koleo la kushikia sindano ambalo mwalimu alikuwa ameniazima, pamoja na sindano chache zilizopinda. Nyuzi za hospitali zilikuwa adimu, kwa hiyo niliposhuka Hedaru niliingia dukani nikanunua mshipi wa nailoni, ule mwembamba wa kuvulia samaki. Muuzaji alinitazama akaniuliza kama milimani siku hizi kuna ziwa. Nikapanda lori la mizigo hadi lilipoishia, nikamalizia kwa miguu.

Sasa lazima niseme habari ya moyo katika ukoo wetu. Kwetu mbuzi akichinjwa, kila fungu lina mwenyewe. Kuna fungu la baba, kuna la shangazi, kuna la wachinjaji. Moyo ni wa mjomba, na siku ya posa ndiyo kabisa: moyo wa mbuzi wa wakwe huchemshwa mzima kwa chumvi, mjomba wa binti huletewa kwenye sahani, na akishauonja hapo ndipo posa imekubalika. Mwanamke hali moyo. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ndivyo ilivyo. Nilikuwa nimeshika mioyo ya mbuzi na ya binadamu mikononi mwangu, lakini mdomoni mwangu sikuwahi kutia hata kipande.

Posa ilikuwa Jumapili, maana Jumamosi nusu ya kijiji huwa kanisani kwa Sabato. Wakwe walikuja asubuhi na mbuzi wawili. Mmoja akachinjwa, mwingine akafungwa kwenye mgomba akiendelea kula majani bila kujua la mbele wala la nyuma. Nilipouona moyo unaingia jikoni kwenye sinia, nilimfuata mama.

"Mama, niazime huo kabla haujaingia chunguni."

"Niazime? Moyo wa mjomba wako?"

"Naushona kidogo, natoa nyuzi zote, narudisha. Hautapungua."

Mama alinitazama kama anayetafuta homa usoni pangu. Lakini mama yangu alikuwa mtu wa ajabu kwa jambo moja: ukimwambia ni masomo, anatoa. Alikuwa ameuza hadi vitenge vyake kwa neno hilo. Akanisogezea sinia, akasimama mlangoni kuzuia watu.

Nikakaa nyuma ya jiko nikashona. Nilizungusha mshono wa duara kwenye sikio la kwanza, nikakaza, likachanika. La pili likachanika. Nikahamia kwenye mafuta na mikunjo kule juu ili nifanye mazoezi ya mafundo tu, nikafunga moja, jingine, jingine. Mama akawa ananihimiza kwamba maji yamechemka. Nikakata nyuzi, nikazichomoa moja moja, nikamrudishia moyo nikiwa nimekasirika kweli kweli, nimeikasirikia mikono yangu mwenyewe. Kumbe fundo moja lilizama ndani ya mafuta, likajificha.

Basi mjomba akaletewa sahani yake. Mjomba wangu alikuwa mtu mkubwa, mfanyabiashara wa mbuzi kule Hedaru, aliyezoeana na wafugaji wa tambarare hadi Kimaasai chake kikawa kizuri kuliko Kiswahili chake. Kuzungumza hakuzungumzi sana, lakini kula anakula. Akakata, akatia kinywani, akatafuna. Akaacha kutafuna. Akaingiza vidole mdomoni akaanza kuvuta, na uzi ukaja, mweupe, unang'aa, na fundo katikati.

Wapare tunataniwa kwamba tunapenda kesi, kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Watu wanaosema hivyo wanatuonea, lakini siku ile hawakutuonea. Mzee mmoja wa upande wetu alisimama palepale, hata mate hajameza.

"Mmetuletea mbuzi aliyefanyiwa operesheni!" akasema. "Mbuzi mgonjwa! Ameshonwa moyo, akaletwa hapa kuchukua binti mzima!"

"Mbuzi wetu ni mzima!" akafoka mshenga wa wakwe. "Nani anayeshona moyo wa mbuzi? Mmeutia wenyewe uzi ili mtutoze faini!"

Kesi ikawaka. Mdogo wangu, aliyekuwa amekaa ndani na kanga yake mpya, akaanza kulia. Mimi nilikuwa mlangoni. Katika baraza kama lile mwanamke hasimami akasema bila kuulizwa, lakini nilimwangalia mjomba, na mjomba, uzi ukiwa bado kwenye vidole vyake, aliniangalia mimi. Nadhani alishajua. Nani mwingine pale alikuwa anatembea na sindano? Akanipa ishara kwa kidevu.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba," wakaitika wote, hata waliokuwa wakigombana, maana salamu ni salamu.

Nikawaeleza. Nikawaambia uzi ni wangu, mbuzi ni mzima, mimi ndiye niliyekuwa nikijifunza kushona moyo kabla haujapikwa. Walinisikiliza kwa adabu na hawakuniamini hata kidogo. Mzee aliyeanzisha kesi akauliza, "Moyo umeshatoka kwa mbuzi. Unaushona urudi wapi?"

Nikamwambia sishoni wa mbuzi, nashona wa watu. Wa mbuzi ni wa kujifunzia. Hapo ndipo walipokataa kabisa. Moyo wa mtu ukiguswa mtu amekufa, wakasema, hilo hata mtoto analijua. Mshenga akadai ushahidi. Wazee wa pande zote mbili wakaelewana upesi mno, kwa mara ya kwanza siku ile: ushahidi ulihitaji moyo mwingine, na moyo mwingine ulikuwa umefungwa pale kwenye mgomba. Mbuzi wa pili akachinjwa. Nasema hadi leo kwamba walikuwa na njaa.

Mjomba akaagiza meza itolewe nje, iwekwe juani. Moyo ukaletwa ungali na joto. Wazee wakasogeza viti, na mama akasimama nyuma yangu na birika la maji, nikisikia pumzi zake. Nikajiambia, likichanika hili, posa ya mdogo wangu imetiwa doa kwa ajili yangu, na mwalimu atakuwa amesema kweli mbele ya ukoo mzima bila hata kuwapo.

Nikafunga mirija yote ya moyo isipokuwa mmoja. Nikazungusha mshono kwenye sikio, sindano ikiingia na kutoka, taratibu. Nikatoboa katikati nikaingiza kidole changu kidogo, maana sikio la mbuzi ni dogo. Nikamwambia mama amimine maji kwenye mrija ulioachwa wazi. Moyo ukajaa, ukavimba, ukawa mzito mkononi. Nikachomoa kidole. Maji yakaruka kupitia tundu, yakamrukia yule mzee wa kesi kwenye koti.

Hapo nikaanza kukaza. Siku zote nilikuwa nikiangalia uzi. Nilikuwa nikikaza hadi mikono yangu iridhike, na mikono yangu, kama nilivyosema, ilisomea kwenye kuni. Siku ile sikuwa na nafasi ya kuridhisha mikono. Niliyatazama maji. Yalikuwa yakiruka, nikavuta kidogo, yakawa yanatiririka, nikavuta kidogo, yakawa matone. Nikavuta unywele mmoja tu. Yakakatika. Mikono yangu ikataka iongeze, jinsi ilivyozoea. Nikaikatalia. Nikafunga fundo hapohapo, maji yalipoishia.

Nikaufunga na ule mrija uliobaki, nikauinua moyo umejaa maji, nikaugeuza juu chini mbele yao. Halikudondoka tone. Sikio halikuchanika.

Hakuna aliyepiga makofi. Wazee wetu hawapigi makofi. Yule mzee wa kesi alichukua moyo mkononi, akauminya, akautikisa karibu na sikio lake, akampa mshenga, naye akauminya. Ukazunguka baraza zima. Ulipomfikia mjomba, aliutazama muda mrefu. Kisha akasema, "Mbuzi wa wakwe ni wazima, wote wawili. Posa imekubaliwa. Na kuanzia leo, moyo wa mbuzi yeyote atakayechinjwa kwangu utapita kwanza kwa huyu. Nyuzi nitatoa mwenyewe."

Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia. Nililia kwa fahari, sioni sababu ya kusema vinginevyo.

Likizo yangu yote iliyobaki mjomba alikuwa akipanda kutoka Hedaru na mioyo ndani ya ndoo yenye kifuniko. Aliwaambia wauza nyama kwamba ana mpwa wake anayesoma, na wao, ambao kwa kawaida hawampi mtu hata mfupa wa mbwa bure, walimpa. Nilishona hadi vidole vikaota sugu mahali pasipo na sugu ya jembe. Mjomba alikula mioyo yote ile. Alikaa barazani akitafuna, anatoa uzi, anauweka pembeni ya sahani, anaendelea. Kama fundo limekaa vizuri alilivuta kwa mikono miwili kujaribu nguvu yake, na likimshinda alinionyesha kutoka mbali.

Niliporudi Dar es Salaam, mwalimu alitutahini mmoja mmoja. Wenzangu walishona vizuri, siwezi kuwasingizia. Ilipofika zamu yangu aliutazama mshono, akamimina maji mwenyewe, akaukandamiza moyo kwa gumba lake hadi nikamhurumia marehemu mbuzi. Maji hayakutoka.

"Kuni zimekwenda wapi?" akauliza.

"Nimezitua, mwalimu."

Mgonjwa niliyepewa alikuwa mama kijana asiyeweza tena kumbeba mtoto wake mdogo. Alilala kwa kukaa, maana akilala chali alizama ndani ya pumzi zake mwenyewe. Kabla hajapewa dawa ya usingizi aliniuliza kama ni mimi nitakayempasua au yule mzee. Nikamwambia ni sisi wote wawili. Akasema, "Basi wewe ndiye uombe Mungu, yeye keshazoea."

Tulimfungua ubavu. Moyo wake ulikuwa ukidunda kwa hasira, na sikio lake lilikuwa limetuna. Nikazungusha mshono. Mwalimu akasimama upande wa pili, mahali pa msaidizi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akasema kwa sauti ya chini, "Ingia."

Nikaingia. Siwezi kueleza vizuri joto lile. Kidole changu kilikuwa ndani ya mtu aliye hai, na moyo ulikuwa ukikigonga pande zote kana kwamba unauliza ni nani. Nikautafuta mlango. Niliukuta mdogo na mgumu, kama tundu la kifungo. Nikausukuma, ukakataa. Nikausukuma tena, na midomo ikaachana, jinsi ganda la karanga iliyochemshwa linavyoachia ukilibonyeza ubavuni. Nikahisi damu inapita pembeni ya kidole changu, nyingi, kwa kasi, ikienda ilikokuwa imezuiwa kwenda miaka yote ile.

"Toka," mwalimu akasema.

Nikatoka na kukaza uzi. Sikuutazama uzi, niliitazama damu. Ilichuruzika, ikawa matone, ikakatika, nami nikaishia hapo. Mwalimu alisubiri. Moyo ukadunda, ukadunda, pamoja na fundo langu juu yake, na fundo halikuvuja. Mwalimu hakunisifu. Alivua glovu, akaniachia nifunge ubavu peke yangu, na akatoka. Siku chache baadaye yule mama alitembea wodini na mtoto mgongoni, na mimi nikatembea nyuma yake kama kichaa, sina kazi yoyote wodini humo.

Nilipopata ruhusa nilikwenda nyumbani. Habari zilikuwa zimenitangulia. Mdogo wangu, mke wa watu sasa, alikuja na mumewe. Mjomba alichinja mbuzi. Moyo ukachemshwa kwa chumvi, mzima, na mama akauleta kwenye sahani ya bati. Kwa mazoea alinipitia mimi kwanza akauliza kama nataka kuushona kabla haujaliwa, halafu akajicheka, maana umeshapikwa.

Mjomba akapokea sahani. Wazee walikuwepo, yule wa kesi pia, amevaa koti lilelile. Mjomba akatoa kisu, akakata kipande cha juu, pale sikio lilipo, akakichoma kwa ncha ya kisu na kukinyoosha. Hakukinyoosha kwa mzee yeyote. Alikinyoosha kwangu.

Yule mzee akakohoa. "Mwanamke huyo," akasema.

"Mikono yake imeingia moyoni mwa mtu na mtu akaamka," mjomba akamjibu. "Mimi na wewe tumeingiza nini humo zaidi ya meno?" Kisha akaniambia, "Kula, mama. Huu hauna uzi."

Nikakipokea mbele yao wote. Nikatafuna taratibu, na mama akinitazama kinywani kana kwamba yeye ndiye anayekula. Nyama yenyewe ilikuwa ngumu, ya kawaida kabisa, wala haikuwa tamu hivyo kama walivyotuaminisha miaka yote.

Nikaomba kipande kingine, nikampa mama.